Wa Chini

Uwanja wetu Kadutu ulikaa kama sahani
iliyoegemezwa ukutani ikauke.
Goli la juu lilitazama mabati ya jirani,
goli la chini lilitazama korongo,
na ng'ambo ya korongo, ziwa.
Mpira ukimpita kipa wa chini
haukurudi wenyewe.

Ndiyo maana nilikuwepo.

Kocha Ntakwinja, fundi viatu wa njia ya soko,
alinipima kwa jicho siku ya kwanza,
miguu myembamba, suruali ya kaka,
akasema: "Wewe simama chini kule.
Usiuache ufike korongoni."
Nikadhani amenifukuza kwa upole.

Jioni akatuhesabu, kidole hewani,
kama mama anayehesabu mafungu ya sambaza:
Byamungu, Cubaka, Ashuza wa golini,
mpaka kumi na mmoja.
Kisha akageukia mteremko, akapaza sauti:
"Na wa chini?"
"Niko!"
Hakushusha kidole mpaka nilipoitika.

Mpira ulikuwa mmoja.
Aliushona kwa sindano ileile ya viatu vya walimu,
uzi mweusi, uzi mweupe, wowote uliobaki,
hadi ukawa na makovu mengi kuliko ngozi.
"Msiutukane," alisema, "umeumia kuliko ninyi."
Mvua ikinyesha ulikuwa mzito
kama mtoto aliyelala.

Mbinu hakuzijua sana, nasema kweli.
Alijua nani hajala.
Murhula akiishiwa pumzi dakika ya tano
hakuulizwa kwa nini. Alipewa
muhogo wa kuchoma ndani ya gazeti,
akaambiwa ni mabaki,
na sote tulikuwa tumeuona ukinunuliwa.
Zihindula alipoacha kuja, kocha alikwenda mwenyewe,
akapanda ngazi zote za udongo,
akakuta ukuta wao umeporomoka na mvua.
Wiki hiyo hatukucheza. Tulibeba matofali.

Timu za kule chini zilituita Mbuzi.
Sawa. Mbuzi hupanda.

Siku tulipofika Nguba, uwanja wa mapadri,
tulisimama kama watu waliomaliza ngazi
wakatafuta moja zaidi gizani.
Tambarare! Mpira ulikaa pale ulipowekwa.
Cubaka alipiga pasi ya kupandisha mlima,
ikapita kila mtu, ikapita mstari,
ikaangukia mapajani mwa sista mmoja.
Walicheka hadi wachuuzi wa karanga.
Mapumziko: tatu bila.

Kocha hakufoka. Alifunga kamba za viatu vya Byamungu,
polepole, akiongea na viatu:
"Wanangu, hapa ardhi haiwadai kitu.
Punguzeni nguvu nusu."

Kisha Murhula akateguka kifundo,
na kile kidole kikaja kwangu.
"Wa chini. Panda."

Miaka miwili nilikuwa nimekimbiza mpira
unaokimbia kweli, wenye korongo upande wake.
Huu wa Nguba ulikuwa ukitembea.
Ule uliokuwa ukitoka, ambao beki wao
aliusindikiza kwa macho, mikono kiunoni,
niliukamata juu ya chokaa,
nikaurudisha bila kutazama, kwa mazoea,
kama kila jioni, kwa aliye juu.
Juu alikuwepo Zihindula.
Goli.
La pili silikumbuki vizuri, nilikuwa nimeanguka.

Tukafungwa tatu kwa mbili.
Sitaki mtu anipambie hapo: tulifungwa,
na Ashuza alilia mpaka akatapika.

Tulipanda kurudi umeme ukiwa umekatika,
kocha nyuma na tochi ya simu, akihesabu migongo.
Safari hii alianza na mimi,
labda kwa kuwa nilikuwa karibu,
wa mwisho, goti likiniuma.
"Mmoja," alisema,
na kwapani mwake mpira ulikuwa ukivuja,
uzi mweupe umekatika,
kazi ya kesho.